Haja Kubwa ya Sikudhani

Habari za Nchi ya Upana hazina msimulizi aliyekwenda akarudi, kwa sababu mlango wake wa kuingilia hufunguka upande mmoja tu. Mimi zimenifikia kwa upepo. Anayetaka kucheka na acheke, lakini upepo ndio pekee unaotoka kule kabla ya wakati wake bila kuomba ruhusa, na sioni sababu ya upepo kusema uongo. Nilichopewa ndicho nitakachowapa.

Kabla ya Upana kuna nchi nyingine, ndefu ajabu, iitwayo Wembamba. Kuta za Wembamba zina vidole vidogo visivyohesabika, laini kama zulia jipya, na kazi ya vidole hivyo ni kuchagua. Anayepita huguswa, huonjwa, na akionekana ana utamu au mafuta, ukuta humvuta ndani, naye huingia katika mto mwekundu unaokwenda Juu. Huyo huitwa mteule, na nduguze humpigia vigelegele. Asiyevutwa huitwa kapi. Makapi huteremka hadi mwisho wa nchi, kwenye mlango wa Upana, na jamaa zao wakiulizwa waliko hugeuza maneno.

Sikudhani alikuwa mke wa kapi. Mumewe, Ngwali, alikuwa msokota kamba, mtu wa nyuzi tupu, ananuka makumbi ya nazi asubuhi na jioni. Kila alipomaliza kamba alimpa mkewe ncha moja, yeye akashika ya pili, akasema, "Vuta, Siku." Sikudhani huvuta. Kamba isipokatika, Ngwali hucheka peke yake kama mtu aliyenong'onezwa jambo. Hawakuwa watu wa maneno mengi. Mapenzi yao yalikuwa kwenye hiyo kamba.

Siku ya kuchaguliwa, ukuta ulimwonja Ngwali ukamtema, maana nyuzi haziyeyuki. Papo hapo ukamshika mkono Sikudhani, na mashoga zake wakaanza vigelegele. Ngwali alikwisha kuanza kuteremka, robota la kamba begani. Akageuka, akasema kwa sauti, "Nitakungoja mlango wa mwisho, Siku. Sitoki bila wewe." Kisha njia ikapinda ikamficha.

Sikudhani alijaribu kuvumilia. Aliambiwa Juu ni kuzuri, lakini hakuna alichokitamani huko. Alitamani harufu ya makumbi. Mara nyingi aliamka akajikuta ameshika pindo la kanga, anavuta, na upande wa pili hakuna mtu. Mwishowe akauchomoa mkono wake ukutani, akamfuata mumewe. Mashoga zake walisema amerogwa.

Mlango wa Upana ukamfungukia, ukajifunga nyuma yake. Alipougusa kwa upande wa ndani, aliona hauna hata pa kushikia.

Nchi ya Upana si ndefu kama Wembamba, ila imetanuka. Kuta zake hazina vidole, ni tambarare na zenye utelezi. Kanda tatu zimeshonwa kutoka mwanzo wa nchi hadi karibu na mwisho, na wenyeji husema fundi alizikata fupi kuliko kitambaa, kwa hiyo nchi yote imejikunja ikawa vyumba vyumba. Wenyeji wenyewe ni wadogo sana na ni wengi kupita kiasi. Wote ni wazao wa wageni walioingia zamani mmoja mmoja wakakaa, lakini muulize yeyote, atakwambia yeye ndiye mwenye nchi na jirani yake ndiye wa kuja.

Kazi za nchi ni mbili. Kuta hunywa maji na chumvi kutoka kwa kila apitaye, tone kwa tone, na kuyapeleka Juu. Wenyeji nao huchachusha makapi, na kutoka kwenye makapi hayo hupata dawa za thamani, mojawapo ile inayoifanya damu igande kwenye jeraha. Nazo pia hupelekwa Juu. Juu hupokea kila kitu, na haijapata kusema asante hata mara moja. Ikiwataja watu wa Upana, huwataja kwa kunong'ona, imeziba pua. Wenyeji hujitia hawajali. Lakini upepo umeniambia kwamba hakuna kitu walichokuwa wakikitamani kama neno moja jema kutoka Juu, na walilingoja kama mtoto wa kambo anavyongoja kuitwa mwanangu.

Katika kona ya ukumbi wa kwanza kuna kichochoro chembamba kisichokwenda popote. Jina lake Kidole. Huko ndiko Sikudhani alikopokewa na mwanamke wa makamo, mnene, mcheshi, jina lake Bi Mize.

"Karibu, mwanangu. Kaa kitako," alisema Bi Mize. "Huku hakuna pa kwenda, kwa hiyo hakuna haraka."

"Namtafuta mume wangu, bibi. Msokota kamba."

Bi Mize alinyoosha kidole kwenye kamba ya kuanikia iliyokatiza chumba. Sikudhani aliisogelea, akaishika, akainusa, na machozi yakamtoka. Bi Mize aliruka kumfuta kwa kiganja, huku akitazama nyuma.

"Futa upesi! Maji hapa ni mali ya umma. Wakiuona uso huo wataupeleka ukutani ukanyonywe mpaka kope."

"Alikuwa hapa?"

"Alikaa, akala, akanisokotea hiyo, akaondoka. Nilimwambia abaki. Akaniambia ana mtu wa kumngoja huko mbele. Nikajua tu, huyo si wa kubaki."

Sikudhani alipumzika Kidole, na kwa kuwa hakuna ajuaye njia ya kumpata mtu aliyekwisha kupita isipokuwa karani wa Baraza, Bi Mize alimpeleka ukumbini. Walilikuta Baraza limo katika hoja yake kongwe kuliko zote: je, Kidole kikatwe?

"Waheshimiwa," alisema mjumbe mmoja mwenye shingo fupi, "kichochoro hiki hakiingizi, hakitoi, hakinywi maji wala hakisukumi. Kikivimba, nchi nzima hulala na maumivu. Nani amewahi kuiona faida yake?"

Wakapiga meza. Mwingine akasema kikatwe nusu. Mwingine akataka iundwe kamati ya kukitazama kwa mbali. Hoja zilichacha, zikatoa upepo, na upepo ukakusanywa ukapelekwa mlango wa mwisho kwa heshima zote, maana katika Upana hiyo ndiyo tija ya Baraza.

"Wewe huwajibu?" Sikudhani alimnong'oneza Bi Mize.

"Niwajibu nini? Mwaka wa Gharika maji yalikuja kwa kasi hata kuta zikashindwa kunywa. Nchi ikasombwa yote, na Baraza lake, na meza zake. Tuliobaki ni sisi wa kichochoroni. Tukatoka, tukaijaza nchi upya. Huyo mwenye shingo fupi ni mjukuu wangu, na shingo hiyo ni ya babu yake."

Baraza lilipoahirishwa, Sikudhani alisogea kwenye meza ya karani. Karani Machano alikuwa mtu wa kofia iliyonyooka na maneno yaliyonyooka zaidi.

"Haja yako?" aliuliza bila kuinua uso.

"Namtafuta mume wangu, baba."

"Sikukuuliza unamtafuta nani. Nimeuliza haja. Ndogo au kubwa?"

"Kubwa, baba," alisema Sikudhani. "Haja kubwa hata silali."

Karani Machano alisimama wima, akavua kofia, akaita kwa sauti ya kazi, "Haja kubwa! Pisheni!" Wenyeji wakajibana ukutani, akina mama wakiwavuta watoto, na njia ikabaki wazi katikati. Sikudhani hakujua amefanya nini.

Karani akamweleza sheria. Mwenye haja kubwa hupelekwa moja kwa moja hadi mlango wa mwisho. Hakai, hapangi chumba, harudi nyuma, na akishatoka haingii tena. Mwenye haja ndogo hana la kutafuta Upana, kwani haja ndogo zina njia yao na maofisa wao, tena wanaojiona sana.

"Lakini mimi nimesema haja ya moyo, baba."

"Neno ni lilo hilo, bibi. Sheria haina kamusi mbili." Kisha karani akapunguza sauti, maana hakuwa mtu mbaya. "Unaweza kuahirisha. Wengi huahirisha. Unasema tu 'siyo sasa', unarudi Kidole, unakaa. Sisi tuna msemo: haja ikiahirishwa huondoka yenyewe."

"Huondoka kweli?"

Karani Machano alivaa kofia yake taratibu. "Hukauka," alisema.

Sikudhani alimtazama Bi Mize. Alikuwa amempenda mwanamke yule, na kichochoro chake kisicho na haraka. Angeweza kukaa, kila siku akainusa kamba ya kuanikia mpaka harufu iishe. Wazo hilo ndilo lililomtisha: mpaka harufu iishe.

"Sitaahirisha," alisema.

Bi Mize alimfunga kanga vizuri kifuani. "Nenda basi, mwanangu. Na hayo machozi yazuie. Utakayemkuta huko hatakuwa mbichi kama ulivyomwacha, na huenda ukayahitaji."

Njia ya Upana hupanda, hukingama, kisha huteremka. Katika mpando Sikudhani alikuwa bado laini, na kuta zilimnywa kwa furaha. Kila chumba kilimbana kidogo, kikamgeuza, kikamnywa, kikamwachia jirani yake. Wapakaji wa ute walikuwa kazini kila mahali, wakizitelezesha kuta ili wapitao wasikwaruze nchi, na yeye aliona kwamba hao ndio watu pekee wa Upana wasiokuwa na mjumbe Barazani.

Kwa muda mrefu hakuna kilichosogea. Halafu Juu ikala, na pale pale ardhi ikakaza nyuma ya wapitao ikausukuma umma wote mbele kwa mkupuo mmoja, kutoka mkingamo hadi mteremko. Wenyeji huuita Msukumo Mkuu. Waheshimiwa walikuwa wamekwisha kusimama kando ya njia, wakipunga mikono na kutangaza kwamba wao ndio waliouleta. Watu waliwapigia makofi. Ulipokoma, waheshimiwa walisema umehujumiwa.

Kadiri alivyoshuka ndivyo alivyokauka. Ngozi ilikaza, ulimi ukawa mzito, hata kumbukumbu zikaanza kumwishia maji. Alijaribu kuikumbuka sauti ya Ngwali akaipata mbali, imekwaruzika. Hapo hofu ikamwingia. Akajisemea kwamba wakitaka wanywe nyama na mifupa, lakini yaliyomo machoni hawayapati. Akatembea amefumba kope, akiyalinda kama mama anavyolinda taa yenye mafuta ya mwisho. Alikuwa na hamu na mumewe wakati ule kuliko siku yoyote, na hakuthubutu kumlilia.

Chini ya mteremko njia hujikunja huku na huko kama nyoka aliyekanyagwa. Ndani ya pinda hilo alikutana na jambo ambalo hakulitarajia: watu wanarudi. Walipanda kwa makundi kutoka mlango wa mwisho, wagumu, wamegawanyika mapandepande, wanagongana bila kuombana radhi.

"Kwani kumefungwa?" aliuliza.

"Kumeahirishwa," alijibu mmoja. "Juu kuna wageni. Jana kulikuwa na safari. Juzi choo hakikuwa cha kwao."

Na katikati yao alikuwepo Ngwali.

Alimjua kwa mikono. Uso ulikuwa umejikunja, rangi imeiva giza, na kamba aliyojifunga kiunoni imekakamaa kama ukuni. Sikudhani alimkimbilia, akalitaja jina lake. Ngwali alimtazama kama mtu anavyotazama mlango uliofungwa.

"Siyo sasa," alisema.

"Ni mimi, Ngwali. Siku."

"Shika foleni, bibi. Siyo sasa."

Aliyekuwa nyuma yake alimweleza Sikudhani habari yote, kwa sauti kavu isiyo na huruma wala ubaya. Mwanzoni yule bwana alikuwa akifurahi kila mlango ulipokataa, kwa sababu alikuwa akimngoja mtu. Wenzake wakilaani, yeye akicheka. Lakini kila waliporudishwa kuta zilimnywa tena, na kila aliponywewa alipungua. Baadaye akabaki akingoja tu, bila kujua anamngoja nani.

Sikudhani aliifungua ile kamba kiunoni mwa mumewe. Haikupinda. Akashika ncha moja, ya pili akaitia katika kiganja cha Ngwali, akamfumba vidole kimoja kimoja.

"Vuta, Ngwali."

Hakuvuta. Vidole vilibaki vimefumbwa. Ndipo Sikudhani akaacha kujizuia. Akalia machozi yote aliyoyabeba tangu kichochoroni, akayamwaga juu ya mikono ile, juu ya nyufa zake na kucha zake, akalia kwa sauti kama aliyefiwa. Kuta zikatikisika kwa kiu. "Maji!" wenyeji walipiga kelele. "Maji ya umma!" Naye akaiinamia mikono ya mumewe akaifunika kwa mwili wake, ili ukuta usipate hata tone.

Nyuzi zikanywa. Kamba ikalegea polepole, ikatoa harufu ya makumbi. Kidole kimoja cha Ngwali kikasogea, kisha cha pili, halafu mkono wote ukavuta, kidogo tu, kama mtu anayejaribu mlango asiokuwa na uhakika nao.

"Haikukatika," alisema Ngwali.

"Haikukatika," alijibu Sikudhani.

"Umechelewa, Siku," akasema, na uso ule mkavu ukajitahidi kucheka.

Mlango wa mwisho, katika mji uitwao Puru, una mabawabu wawili, nao ni pacha. Wa ndani ni Vuai. Vuai hana siri wala ubishi, ukimsukuma kidogo hufungua, na pengine hajui kwamba amefungua. Wa nje ni Mcha, naye hufuata amri ya Juu. Mcha ndiye ofisa mwerevu kuliko wote Upana, kwa kuwa humgusa anayekuja akajua ni upepo au ni mzigo, na akikosea mara moja tu nchi nzima huadhirika.

Vuai aliwafungulia. Mcha akawagusa.

"Mzigo," alisema. Akasikiliza Juu kidogo. "Siyo sasa. Wageni hawajaondoka."

Umati ukaguna, ukaanza kugeuka. Ngwali naye akageuka kwa mazoea, maana miguu ilikwisha kuzoea kurudi. Kamba ikanyooka kati yake na mkewe, ikakaza. Sikudhani hakusogea.

"Mwambie Juu kuna haja kubwa," alimwambia Mcha.

"Ndivyo wasemavyo wote, bibi."

"Wote husema halafu hugeuka. Mwambie huyu hageuki."

"Mimi huambiwa, siambii."

"Basi simama hapo hapo, nami nitasimama. Nimekataa mto mwekundu, nimekataa kichochoro cha amani, nimenywewa na nchi nzima. Mume wangu akirudishwa tena mara moja hatanijua. Unataka nikaahirishe nini, baba? Sina kilichobaki isipokuwa hiki."

Akauegemea mlango kwa uzito wake wote. Ngwali akatazama kamba mkononi mwake, akarudi, akaegemea pamoja naye. Waliokuwa wakigeuka wakasimama. Mmoja akarudi, akafuatwa na wengine. Na huko Juu, kwa bahati ya wageni wale wale, kahawa na kaimati zilikuwa zimekwisha kuletwa. Juu ikala. Msukumo Mkuu ukaanzia mbali nyuma, ukaja ukikusanya nchi.

Mcha alitoka jasho. Kisha wote wakasikia Juu ikisema, kwa sauti ya adabu na haraka, "Samahanini kidogo." Zikasikika hatua, mlango, na komeo.

"Nimeruhusiwa," alisema Mcha, akasimama kando.

Ngwali alisita kizingitini. "Huko nje kuna nini, Siku?"

"Sijui. Hakuna aliyerudi kusema."

"Wanasema kuna shimo."

"Basi shika kamba."

Wakatoka pamoja, na wote waliowafuata wakatoka.

Hapo ndipo lilipokuja lile neno lililongojwa. Juu ikashusha pumzi ndefu, na baada ya pumzi ikasema neno moja, taratibu, kutoka moyoni: "Alhamdulillahi." Neno likashuka katika nchi nzima. Wapakaji wa ute wakaacha mikono hewani. Karani Machano akavua kofia bila kujua. Huko Kidole, Bi Mize akaishika kamba yake ya kuanikia akakaa chini. Mjukuu wake mwenye shingo fupi akasimama Barazani kudai kwamba shukrani hizo zilikuwa za Baraza, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyempigia meza. Upepo ulioniletea habari hizi ndipo ulipoondokea.

Mengine ni yale waliyoyaona na kuyasikia wa mlangoni kabla Mcha hajafunga, nayo yaliletwa na upepo mwingine.

"Amesemaje?" aliuliza Ngwali, huko nje.

"Ameshukuru."

"Kwa sababu tulikuja, au kwa sababu tumeondoka?"

Chini ya miguu ya Sikudhani palikuwa na udongo mweusi, umelowa, na pande zote hapakuwa na ukuta. Aliangalia kulia na kushoto kuhakikisha. Kisha akakaa chini kando ya mumewe, ncha ya kamba mkononi, akalia mpaka akatosheka, na hakuna aliyekuja kuyadai machozi hayo.